Kila Mtu Arudishe Vitu vya Watu

Kwetu Kirotshe, Kwaresima ilitangazwa Jumapili moja kabla ya majivu. Komunyo ikiisha, katekista alisimama mbele na daftari lake, akataja nyumba ambazo shirika lingesalia wiki ile, akataja zamu ya kufagia kanisa, kisha akalifunga daftari na kusema: “Kila mutu arudishe vitu vya watu.” Hakueleza zaidi. Watu wazima waliangalia chini. Sisi watoto tuliangaliana, kwa sababu kila mmoja wetu alijua ni sufuria gani nyumbani si yetu.

Siku zilizofuata, njia zote za kijiji zilijaa vitu vinavyorudi kwao. Jembe, kinu, ngazi, mwavuli, wavu wa sambaza uliokuwa na tundu jipya, kamba ya mbuzi isiyo na mbuzi. Watoto ndio tuliotumwa, maana mtu mzima aliyekaa na beseni la jirani tangu Noeli aliona haya kulibeba mwenyewe. Tulifundishwa maneno ya kusema: “Shikamoo mama, mama anasema aksanti, anaomba masamaha ya kukawia.” Mwaka mmoja jogoo aliyeazimwa kwa ajili ya mbegu alirudi amenona kuliko alivyoondoka, na mwenyewe akakataa katakata kumpokea, akisema si wake. Kesi hiyo ilimaliza wiki nzima ya kwanza ya Kwaresima.

Kila nyumba ilikuwa na tawi la ukindu la mwaka uliopita, limechomekwa juu ya mlango au nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu, limekauka, limejaa moshi wa jikoni. Jumanne watoto wa Nyabadeux, mama tuliyemwita hivyo kwa sababu ya mapacha wake, walipita na kikapu kuyakusanya. Yalichomwa nyuma ya kanisa ndani ya sufuria kuukuu, yakapondwa, yakachekechwa kwa kitambaa. Jumatano padri akifika aliyakuta tayari, meusi na laini. Nilipenda kufikiri kwamba majivu niliyopakwa yalikuwa na kidogo cha mlango wetu na kidogo cha milango ya wengine wote.

Kirotshe iko kando ya Ziwa Kivu, kwenye barabara ya Sake kwenda Minova, jirani na Shasha na Bweremana. Watu wa mbali wanaijua kwa hospitali yake kuu. Nyuma yetu milima ya Masisi inapanda ghafla, migomba inateremka hadi majini, na jioni wavuvi wanaingia ziwani na taa zao kutafuta sambaza, wale samaki wadogo walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambao leo hakuna anayekumbuka kwamba ni wageni. Padri hakuwa wetu peke yetu. Alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia, na wazee walitukumbusha kwamba zamani wao walitembea kwa miguu hadi Bobandana, misheni ya Wapadri Weupe kule upande wa Minova, wakalala huko, ili tu wapate kuungama kabla ya Paska. Kwa hiyo kazi ya kuandaa roho za watu ilikuwa ya shirika. Kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, shirika ndilo lile wanaloliita jumuiya ndogondogo. Maaskofu wa Kongo walilichagua kama njia yao tangu 1961, nasi tulizaliwa tukalikuta, sawa na mlima na ziwa.

Juu ya kufunga sitasema mengi, kwa sababu kwa maskini kufunga nyama si habari. Nyama ilikuwa ya Noeli, ya Paska na ya arusi. Tulikula bugali, maharage, sombe, na sambaza siku ambazo ziwa lilikubali. Tangu Paulo wa Sita alipobadilisha kanuni mwaka 1966, Kanisa limebakiza siku mbili tu za kufunga kwa lazima, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, lakini bibi yangu, ambaye sote tulimwita Koko, hakuwahi kukubali kwamba Roma ilikuwa na haki ya kumpunguzia. Yeye aliacha sambaza pia, akaacha na chumvi siku za Ijumaa. Wanaume waliacha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na huko ndiko kulikokuwa kufunga kwenyewe. Siku ya pili ya Kwaresima ungeweza kumtambua mtu aliyeacha kasiksi kwa jinsi alivyomjibu mke wake.

Ila kulikuwa na jambo ambalo mahubiri hayakuligusa. Kasiksi ilitengenezwa na akina mama, mama yangu akiwa mmoja wao. Ndizi zilizoiva zikikamuliwa na kuchachushwa, pesa iliyopatikana ndiyo iliyolipa prime ya walimu, maana miaka ile serikali ya Zaire ilikuwa imekwisha kuacha kuwalipa na wazazi ndio walioshika shule. Wanaume wakifunga kinywaji, nyumba yetu ilifunga mapato. Mama hakulalamika hadharani. Alisema tu, akiosha mitungi mitupu: “Wao wanafunga kasiksi, sisi tunafunga masomo.” Nadhani ni mahubiri mazuri kuliko mengi niliyoyasikia baadaye.

Majirani wetu wa CEPAC, Wapentekoste, walitucheka. Kwao kufunga kulikuja Roho alipoita, hata mwezi wa Agosti. “Nyinyi munafunga na kalandriye,” walisema. Na kweli tulifunga kwa kalenda. Lakini nao waliposikia tangazo la kurudisha vitu, watoto wao walionekana njiani na mabeseni yetu, kwa hiyo naamini tangazo lile lilivuka uzio.

Koko alijiandaa kwa njia yake mwenyewe, na ndiyo niliyobaki nayo. Katekisimu ilitufundisha kuchunguza dhamiri kwa amri kumi. Koko alichunguza kwa nyumba. Jioni, kabla ya kulala, alikaa mlangoni na rozari mkononi bila kuisali, akaanza chini ziwani na kupanda mlima, nyumba moja moja: nyumba ya yule fundi wa mitumbwi, kuna nini kati yangu naye? Nyumba ya mjane, je? Nyumba inayofuata? Zingine alizipita haraka. Kwenye zingine alisimama muda mrefu, akikuna goti. Nikimwuliza kama amemaliza alisema: “Bado niko ku mugomba wa tatu.” Hakuwahi kumwungamia padri kosa lolote ambalo halikuwa na mlango wa mtu.

Ijumaa ya juma la kwanza la Kwaresima Injili inayosomwa ni ya Mathayo sura ya 5, pale Bwana anapomwambia mtu aache sadaka yake mbele ya altare, aende kwanza apatane na ndugu yake. Kwa shirika letu somo hilo lilikuwa kama ufunguzi wa mahakama. Kuanzia hapo, kila Alhamisi jioni tulikusanyika katika nyumba moja, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya kuazima (ambavyo navyo vingerudishwa), na baada ya sala mkubwa wa shirika aliuliza: “Nani iko na neno?” Kimya. Kikohozi. Kisha mtu mmoja alianza.

Maneno yalikuwa yale yale kila mwaka: mpaka wa shamba uliosogea usiku, mbuzi aliyekula mihogo, mahari isiyokwisha, mke aliyetukanwa kisimani, deni. Hayakusemwa kwa upole. Nimesikia wazee wakipigiana kelele chini ya msalaba mpaka taa ikatikisika. Lakini kulikuwa na kanuni ambayo hakuna aliyeivunja: hakuna kuondoka nyumbani humo kabla neno halijapata jibu au tarehe. Na walioshindwa kupatana hawakupanga mstari wa kuungama. Padri mwenyewe alikubali utaratibu huo. Alipofika kwa pikipiki kabla ya Juma Kuu na kukaa chini ya mikaratusi kusikiliza maungamo, alimwuliza kwanza katekista: “Hawa wamepatana?” Sijui sheria ya Kanisa inasemaje juu ya hilo, na nadhani padri alijua vema asimwulize askofu.

Hata Misa yetu ilikuwa upande huo. Misale ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inaweka tendo la toba baada ya mahubiri, na kupeana amani kunafuata hapo hapo, kabla ya matoleo. Unasikia Neno, unakiri, unashika mkono wa mwenzako, ndipo unabeba kikapu chako cha maharage kwenda altareni. Katika mpango huo huwezi kujificha. Mtu uliyegombana naye yuko benchi la pili na mkono wake umenyooka.

Ijumaa zilikuwa za Njia ya Msalaba. Hatukuisali kanisani. Vituo 14 viligawiwa kwa nyumba 14, kutoka barabarani hadi juu mlimani, na kila nyumba ilifagia uwanja wake, ikasimamisha msalaba wa matawi mawili, ikatoa mtu wa kusoma. Tuliimba kwa Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya mama wa mtu yeyote pale, na kwa sababu hiyo ilikuwa ya wote. Nyumbani kwetu tulisema Kihunde. Nyumba ya kituo cha nne walisema Kinyarwanda, na ya kituo cha tisa vilevile. Wabelgiji walianza mwaka 1937 kuwahamishia Masisi watu kutoka Rwanda, wengi wao wafanye kazi kwenye mashamba makubwa ya wazungu, na wajukuu wa watu hao walikuwa wamebatizwa katika kisima kimoja nasi, wakasoma darasa moja nasi, wakadaiwa na kudai kama sisi. Wengine walikuwa Wahutu, wengine Watutsi. Mtoto alijua tofauti hizo kama anavyojua nani ana mbwa mkali.

Sasa nafika Kwaresima ya 1993, ambayo kwa ajili yake nimeandika haya yote.

Nilikuwa mwaka wa sita wa shule ya msingi. Majivu yalikuwa tarehe 24 Februari. Pesa ilikuwa imekufa: noti mpya ya zaire milioni tano wengi waliikataa, bei ya chumvi ilibadilika kati ya asubuhi na jioni, na kwa sababu hiyo madeni yote yaliyorudishwa mwaka ule yalirudishwa kwa maharage. Hakuna aliyekuwa tayari kupokea karatasi. Baba alidaiwa gunia la mbegu za maharage na jirani wa kituo cha nne. Alikuwa amelikopa wakati wa kupanda Septemba, mavuno ya Januari yakawa mabaya, akaahidi kulipa kabla ya Paska. Juu ya hapo wawili hao walikuwa na neno la mpaka, mistari miwili ya mihogo ambayo kila mmoja aliapa ni yake. Shirika likapanga waje wote wawili Alhamisi tarehe 25 Machi. Baba alikuwa amekwisha kutafuta gunia. Lilikaa sebuleni, limeshonwa kwa kamba ya mgomba, tukalikalia wakati wa kula.

Jumamosi tarehe 20 Machi, kwenye soko la Ntoto, huko Walikale, vijana wenye silaha wa Kinyanga na Kihunde waliwashambulia Wanyarwanda waliokuwa sokoni. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya nne ya Kwaresima, ile ambayo Kanisa huiita Jumapili ya furaha na padri akiwa na vazi la rangi ya waridi hulivaa. Kwetu habari haikuwa imefika. Tuliimba, tukapeana amani, baba na jirani yake walishikana mikono kwa ncha za vidole, kama watu wanaongoja Alhamisi.

Habari ilifika katikati ya wiki, kwanza kwa wachuuzi, kisha kwa redio za watu. Ilifika imegawanyika: upande wetu waliisimulia kwa namna moja, upande wa pili kwa nyingine, na kwa mara ya kwanza nikasikia watu wa shirika moja wakisema “sisi” na “wao”. Jumatano jioni wanaume wa Kihunde walikutana mahali ambapo si nyumba ya shirika, na baba alikwenda, akarudi bila kusema neno. Alhamisi wazee wa shirika walifika kwetu kama ilivyopangwa, wanne tu. Jirani hakuja. Katekista alimtuma mtoto amwite, na mtoto huyo nilikuwa mimi.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba kwa nje. Msalaba wa matawi wa Ijumaa iliyopita ulikuwa bado umesimama uwanjani. Kuku walikuwapo, mbuzi hawakuwapo. Nilirudi nikasema, na hakuna aliyeniuliza mara ya pili.

Ijumaa ile Njia ya Msalaba ilisaliwa ndani ya kanisa. Vita vilipanda na kushuka milima yote ya Masisi kwa miezi. Vijiji vya Wanyarwanda vilichomwa, kisha vya Wahunde navyo vikachomwa, na watu wakaanza kuteremka kwetu kutoka juu, mikeka kichwani, wakilala katika vyumba vya shule yetu hata tukakosa pa kusomea. Maelfu waliuawa mwaka ule, na watu kama 250,000 walihama makwao. Mobutu alifika Goma Julai, askari wakaja, mazungumzo yakafanyika. Mwaka uliofuata, Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda wakafurika Goma na kujaza kambi ya Mugunga, na vyote tulivyokuwa tumeanza kushona vikachanika upya. Hayo yameandikwa na wengine vizuri kuliko nitakavyoweza.

Mimi nakumbuka gunia. Juma Kuu lilipofika, baba hakujua afanye nini nalo. Hakuweza kupanga mstari wa kuungama, kwa sababu neno lake halikuwa na jibu wala tarehe. Akamwendea katekista, na katekista, mtu mwema aliyekuwa na watoto wenye njaa kwenye kila chumba cha shule, akatoa uamuzi: maharage yapelekwe kwa waliokimbia, na deni lihesabiwe limelipwa. “Kwa Mungu imelipwa,” alisema. Baba alipumua. Gunia likabebwa, likapikwa, likaliwa siku mbili.

Koko hakukubali. Alimfuata katekista hadi kwake, akasimama uwanjani na fimbo yake, akasema kwa sauti ambayo nyumba tatu zilisikia: “Miye Mungu sikumukopa.” Kwake deni lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na jina na mlango, hata kama mlango ulifungwa kwa kamba. Kuwalisha wenye njaa ni wajibu mwingine, alisema, usichanganywe na ule. Hakupata kumbadilisha katekista. Lakini jioni, alipohesabu nyumba zake kutoka ziwani kwenda juu, aliendelea kusimama kwenye ile ya kituo cha nne, ambayo baadaye haikuwa tena nyumba bali msingi wa mawe na boga lililojiotea. Alifariki akiwa bado anasimama hapo.

Nimefikiri sana juu ya ugomvi wao wawili, na miaka imenipeleka upande wa Koko. Vitabu vinavyoeleza jinsi ya kuandaa moyo kwa ajili ya Paska vinasema kuhusu ukimya, kusoma Neno, kujinyima, sala ya peke yako. Sina ubishi navyo, nimevitumia. Ila vyote vinadhani kwamba mtu uliyemkosea yupo, kwamba ukiamka umeamua kupatana utamkuta nyumbani kwake. Kwetu vita vilituua, vikatuibia, lakini vilifanya na hili: vilituondolea mtu wa kupatana naye. Unabaki na moyo ulio tayari na mlango mtupu. Na moyo wa namna hiyo ukikaa muda mrefu, huanza kusema kwamba labda yule hakudai chochote, labda shamba lile lilikuwa letu zima tangu mwanzo. Nimeusikia moyo huo ukisema hivyo kwa midomo ya watu wazuri sana.

Niliondoka Kirotshe kwenda kufundisha Goma, na kwa miaka mingi nilirudi kwa sikukuu tu. Desturi ya kurudisha vitu iliendelea, ikipungua na kuongezeka kwa kadiri ya amani. Niliiona ikipata nguvu wakati nisioutazamia. Tarehe 22 Mei 2021, usiku wa kuamkia Pentekoste, Nyiragongo ililipuka. Tulikuwa tumemaliza novena ya Roho Mtakatifu, na wacheshi wa Goma hawakukosa kusema kwamba moto tulioomba umekuja. Siku chache baadaye, tarehe 27, amri ya kuondoka ikatolewa, na mji ukatembea: wengi kuelekea Sake, na kutoka hapo kwenda Minova au juu Masisi. Mimi na familia tulifika Kirotshe kwa miguu na chukudu, ile baiskeli ya mbao, ya kukodi. Kanisa lilijaa, shule ilijaa, nyumba ya mama ilikuwa na watu ambao hata yeye hakuwajua, nao wakaondoka na baadhi ya vyombo vyake kwa sababu walikuja bila chochote. Kwaresima ya 2022 mama alirudishiwa sufuria mbili na blanketi, vimeletwa kwa basi kutoka Goma na watu walioulizia njiani hadi wakafika. Walikuwa wameambiwa na mwenyeji wao wa usiku mmoja kwamba huko vitu hurudi kabla ya majivu.

Kisha Februari 2024. Waasi wa M23 wakafika Shasha, barabara ya Minova ikakatika, mabomu yakaanguka kando ya Sake, na Kirotshe ikakimbia. Wengine walipita ziwani, ile njia ya maji ambayo Oktoba mwaka huo ingezamisha watu wengi mbele ya bandari ndogo ya Kituku, wakiwa wanaona nchi kavu. Mama na jirani zake waliishia Bulengo, kwenye kambi, juu ya mawe ya volkano. Majivu yaliangukia tarehe 14 Februari. Hakuna aliyekimbia na tawi lake la ukindu, kwa hiyo majivu yalitoka parokia ya mjini, majivu ya milango ya watu wengine. Nilikuwapo. Katekista wetu, si yule wa zamani bali kijana aliyerithi kazi, alisimama mbele ya hema na kutangaza, kwa mazoea, kwamba kila mtu arudishe vitu vya watu. Watu wakacheka mpaka wengine wakalia. Hema lilikuwa la UNHCR, sufuria za msaada, maji ya foleni. Hakuna kitu pale kilichokuwa cha mtu.

Lakini kicheko kilipokwisha, mama mmoja wa kutoka Kitchanga, ambaye alikuwa jirani yetu wa hema kwa majuma mawili tu, alimwendea mama yangu na kumwambia kwamba ndiye aliyesogeza kidumu chake kwenye foleni ya maji siku ile. Mama yangu hata hakujua. Walikaa wakazungumza hadi giza. Mmoja Mhunde, mwingine anasema Kinyarwanda, na kati yao kidumu cha lita 20. Hilo ndilo jambo pekee la kambini ninaloweza kulisimulia bila hasira.

Januari 2025 kila kitu kilikwenda haraka: M23 wakaingia Minova tarehe 21, Sake tarehe 23, Goma tarehe 27. Februari kambi zikaamriwa zivunjwe, watu wakapewa siku tatu, wakarudi makwao au palipokuwa makwao. Majivu yalikuwa tarehe 5 Machi. Benki za Goma zilikuwa zimefungwa, mshahara wangu umekwama ndani, na nikamsikia kila mtu akisema kile kile nilichokisikia nikiwa na miaka 12: nitakulipa kwa maharage. Mama alirudi Kirotshe akaikuta nyumba bila mabati upande mmoja na shamba limelimwa na watu asiowajua. Shirika lilikutana Alhamisi, watu wachache, chini ya migomba. Swali likaulizwa. Kila mmoja alikuwa na neno, na karibu kila neno lilikuwa juu ya mtu ambaye hayupo.

Kwa hiyo naandika kwa faida ya hao wasiokuwapo. Wako Goma, Nakivale, Kampala, Nairobi, na mbali zaidi, na wengi wao wanasoma Kiswahili. Ukitokea milima ile, pitia nyumba zako kama Koko alivyofanya, kutoka ziwani kwenda juu, na kama kuna uliyemdai au anayekudai, mtafute sasa. Simu zipo, watoto wa watu wanajulikana, usingoje padri.

Na kama wewe ni mtoto wa nyumba ya kituo cha nne, ile iliyokuwa na mbuzi watatu na mgomba wa ndizi za kuchoma mbele ya mlango, baba yangu amekwisha kufa lakini deni halikufa naye. Ni gunia moja la mbegu za maharage. Ulizia kwa katekista wa Kirotshe, atakuelekeza kwetu. Tutalipima mbele ya mashahidi, na ile mistari miwili ya mihogo tutakwenda kuiangalia pamoja.